Bado Mnaitazama Hii?

Mzee Kibwana alipopoteza usikivu, mkewe Sikudhani alianza kumwandikia daftarini maneno ya waigizaji wa tamthilia yao ya Jumamosi alasiri. Huu ulikuwa mwaka wa tatu.

Siku hiyo jirani yao, Pili, aliwakuta mbele ya televisheni.

"Jamani, bado mnaitazama hii?" alimwuliza Sikudhani. "Si iliisha ladha zamani? Siku hizi ni kulia na kugombana tu."

Kibwana aliuona uso wa Pili ulivyokunjamana, akaelewa.

"Usiibeze, Pili," alisema kwa sauti kubwa. "Mwanzoni ilikuwa ya kawaida. Sasa ndiyo imenoga."

Pili aliinama kusoma daftari. Kwenye kioo, dada wawili walikuwa wakimlilia mwanamume mmoja. Katika mwandiko wa Sikudhani, walikuwa wakimlilia mama waliyechelewa kumzika.

Pili akanyanyua macho. Sikudhani alitikisa kichwa taratibu.

Pili akavuta kigoda, akaketi bega kwa bega na mzee.

"Haya," alisema, "dada mkubwa akajibuje?"

Sikudhani aliitazama midomo iliyokuwa ikichezacheza kwenye kioo, kisha akaishusha kalamu kwenye mstari mtupu.