Mstari wa Mama

Siku hizo nyumba zilijengwa kama watengeneza programu walivyozoea kujenga makontena yao ya kazi ndani ya kompyuta: unaorodhesha kila kitu kwenye faili moja, unachapa amri, nyumba inavunjika na kusimama upya, safi kabisa. Kilichoandikwa hurudi. Kisichoandikwa ndiyo basi tena. Sheria ilitaka kila nyumba ijengwe upya kila tarehe mosi.

Mwanaheri, ambaye kuandika amri hizo ndiko kulikomlisha, alimtoa nje mama yake, Bi Mashavu, akachapa "jenga upya". Dakika mbili tu. Zulia likarudi mahali pake, mashine ya kahawa ikarudi, hata bakuli la paka.

Bi Mashavu akatangulia kuingia. Alikuwa amehamia hapo kutoka Pangani wiki tatu nyuma, na siku ile ile bintiye alimwambia, "Nitakuandika, mama, ngoja nimalize kazi."

"Mwanangu, kitanda changu sikioni. Na ile mbuzi ya kukunia nazi, aliyoniachia marehemu bibi yako."

Uso ukamwaka moto Mwanaheri. "Mashine imekosea, mama."

Mama akausogelea ukuta, ambako faili la nyumba lilikuwa bado wazi kwenye skrini, akaanza kusoma kwa kidole, mstari baada ya mstari. Kwenye bakuli la paka kidole kikasita, kisha kikaendelea hadi chini kabisa.

"Macho yangu mabovu siku hizi," akasema kwa upole, bila kugeuka. "Hebu nisomee wewe, mwanangu. Nimeandikwa wapi?"