Waya wa Mwanakwerekwe

Thuwaiba alikuwa kachoka kumruka mumewe kila akipita na sinia, maana bwana kakaa kitako mbele ya televisheni kwa sababu waya wa hedifoni ulikuwa mfupi. Akenda mwenyewe sokoni Mwanakwerekwe, akamnunulia waya mrefu wa kuungia.

Sasa bwana yuko kochini, anatikisa kichwa kwa taarab yake, na akiitwa hasikii.

"Bwana we! Njoo unifungie mtungi wa gesi!"

Mara ya tatu hiyo. Thuwaiba akaufuata waya kwa hasira mpaka chini ya mkeka, akaufunua. Pale kwenye kiungo nyaya mbili zimeachana, na kila ncha imejaa vumbi la siku nyingi.

Kochini kichwa bado kinatikisika.

"Basi leo pweza wa nazi hakuna," Thuwaiba akanong'ona.

"Naam?"