Nyumba Ilipotoa Ushahidi

Huku Mwezini cheti cha ndoa hakina kazi. Kampuni ikimhamishia mumeo huku, nawe ukaomba ukaazi wa kudumu, inayoulizwa ni nyumba mnayoishi, maana kuta zake husikiliza tangu siku mnayoingia.

Nilikwenda ofisi ya uhamiaji kifua mbele, nimevaa khanga mpya. Mwenye wasiwasi alikuwa mume wangu, Shemzigwa.

"Mwanahija, wiki nzima hujanisemesha. Nyumba itasema nini?"

Sikumjibu. Alikuwa amemsifia jirani pilau lake mbele ya wageni wangu mimi.

Ofisa, binti mpole, alisoma kwenye kioo chake. "Mama, nyumba inasema umenuna. Lakini kila siku unampakulia mzee chakula, unakifunika, halafu unalala umempa mgongo."

"Ndivyo tunavyonuna kwetu, mwanangu. Ningemnyima chakula, hapo ungekuwa na la kuuliza."

Akacheka. "Wanaoigiza ndoa hawanuni hivyo. Hongera mama, umepata. Ila nyumba itaendelea kusikiliza, kwa sababu kibali huweza kufutwa."

Tulirudi nyumbani. Mlango ulipojifunga, mume wangu, ambaye tangu anioe hajawahi kuniomba radhi, alisema, "Nisamehe, mke wangu." Alilitamka kila neno vizuri, uso ameuelekeza ukutani.

"Yamekwisha, mume wangu," nikamjibu, na mimi nikapaza sauti kidogo, ifike.