Foleni ya Watu Wazima

Jumamosi hiyo chuo kikuu kiliweka meza zake katika ukumbi wa mtaa wetu wa Mbotela, kuwaeleza watu wazima jinsi ya kurudi masomoni. Mimi niliachia darasa la saba. Nilivaa shati la kanisani, nikapanga foleni.

Nilipokaribia mezani, mtu akanigonga bega. Alikuwa Luseno, mwenzangu wa kiwanda cha sabuni.

"Niaje, mzee! Unarudi darasani na ndevu hizo?"

"Wacha ujinga. Nimekuja kumuulizia binti yangu."

Mzaha ukamtoka usoni. Akaificha nyuma mikono yake, iliyobabuliwa na dawa za sabuni kama yangu.

"Mimi nimekuja kwa ajili yangu," akasema polepole. "Nilipokuona nilifurahi. Nikajua nimepata mwenzangu."

Nikasogea hadi mezani. Mama wa mezani akainua kichwa.

"Karibu, baba. Ni wewe unayetaka kusoma?"

Luseno alikuwa nyuma yangu, akisikiliza.

"Ni binti yangu," nikasema.

"Alimaliza kidato cha nne lini?"

"Mwaka jana."

Binti yangu alikuwa darasa la tatu.