Aljebra ya Januari

Mwalimu Mashauri hakuwa na vitabu vya kutosha, wala chaki nzima, wala nguvu za mwaka jana. Azimio la kazi la mwaka mzima alikuwa nalo, lile lile la siku zote, la kubadilishwa tarehe tu.

“Wewe nakili, kaka,” alisema Bi Tunu, mwalimu mwenzake. “Mkaguzi anataka aljebra ianze Januari.”

“Watoto hawajui kugawanya, dada. Hiyo x wataitafutaje?”

“Utahamishwa.”

“Nimechoka kufundisha ubao.”

Akaifuta aljebra ya Januari, akaandika: kugawanya, sehemu, namba hasi. Akaitia karatasi kwenye bahasha ya mkaguzi, akalamba gundi, akaibana kwa kidole gumba. Tarishi aliipokea, akaondoka na pikipiki, vumbi likabaki limesimama barabarani.