Gunia Lililozama Kivukoni

Nguchiro, muuza mbegu, hakuogopa nyoka. Aliogopa hasara tu. Alipomuuzia Kanga wa ng'ambo gunia la mbegu za mpunga, alisema, "Kulifikisha kivukoni ni juu yangu. Likishapanda mgongoni kwa Kiboko, nauli ni yako na hasara ni yako. Likizama, usije kunililia."

"Nimekubali, bwana," alijibu Kanga, ambaye hakuwa na maneno mengi.

Desturi ya kivuko ilikuwa muuzaji alipige gunia kofi mbele ya wote, kuonyesha limetoka mikononi mwake. Nguchiro alilipiga hadi vumbi likatimka.

Katikati ya mto Kiboko aliteleza. Gunia likazama, likapasuka, mbegu zikasombwa hadi kwenye tope la kisiwani. Nguchiro alicheka mpaka akakaa chini. Kanga alimlipa Kiboko nauli yake, akaenda zake.

Mvua zilipokwisha, kisiwa kizima kilikuwa mpunga, masuke yameinama kwa uzito. Nguchiro akaja mbio na mundu.

"Mbegu zangu hizi! Hazikukufikia, kwa hiyo hazikuwa zako!"

Kanga akamgeukia Kiboko. "Mzee, kofi lilipigwa?"

"Hadi mgongo ukaniwasha," akasema Kiboko.

"Basi, Bwana Nguchiro, gunia lilizama likiwa langu, na sikukulilia. Sasa limeota, bado ni langu. Nipishe nivune."

Nguchiro akapisha. Vigelegele vya Kanga na wanawe vikasikika ng'ambo zote mbili.

Nawe unayemtwika mwenzako hasara yote, jua umemtwika na mavuno.