Mke wa Mtaalamu Hupanda Kwanza

Sheria ilimtaka kila mtaalamu aliyebadilisha programu ya kuendeshea ndege ampandishe mtu wa nyumbani kwake katika safari ya kwanza. Kwa Shemahonge, mtu huyo alikuwa mkewe, Chausiku.

"Mwanza tena? Juzi tu nimetoka!" Chausiku alifoka huku akizima jiko. "Nimechoka, baba Zuhura."

Shemahonge hakumtazama. "Safari hii jisingizie ugonjwa. Kuna kosa kwenye programu niliyobadilisha. Ndege inaweza kukataa kumtii rubani."

"Na abiria wengine?"

Shemahonge akajifanya anatafuta miwani.

"Basi naenda," alisema Chausiku, akichukua mkoba. "Labda nikiwa ndani utathubutu kuwapigia simu wakubwa wako waizuie ndege."

Ndani ya ndege alifunga mkanda. Milango ilikwisha kufungwa rubani alipotangaza kwamba safari imeahirishwa kwa sababu ya hitilafu ya mitambo. Abiria wakasonya. Chausiku akashusha pumzi, akampigia mumewe.

"Ahsante kwa kuwaambia."

"Mama Zuhura, mimi bado sijawapigia."

"Ala! Kwa hiyo hitilafu ziko mbili?"